Stempu sita, posta mara sita

Bahasha ilikuwa moja. Niliigeuza, nikarudi kuchungulia kwenye zulia la mlangoni kama kuna nyingine zilizoanguka pembeni, hakuna. Ndani mlikuwa na vipeto sita vya ile karatasi laini inayoonyesha kilichomo, kila kipeto na stempu yake, vyote vimebanwa katikati ya vipande viwili vya boksi la kornifleksi. Juu ya bahasha, stempu moja ya barua ya kawaida. Mwaka huo, 2019, stempu ya daraja la kwanza hapa Uingereza ilikuwa peni 70. Mimi nilikuwa nimezinunua kwa mnada eBay, soko la mtandaoni, nikalipa gharama ya posta pauni 1.95, mara sita. Jumla pauni 11.70, kwa stempu ambazo zote pamoja zilinigharimu pauni 7.43.

Nikaona nimeibiwa. Nikamwandikia muuzaji ujumbe mrefu, ule ambao mtu huuandika hata viatu hajavua.

Stempu si ugonjwa wangu, ni wa mjomba. Mjomba alikuwa karani wa posta Tanga tangu enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na alikuwa na albamu mbili alizozijaza kwa miaka. Masika moja mchwa wakaingia kabatini. Wakala albamu moja yote na robo tatu ya ya pili. Aliponipigia simu alizitaja stempu moja moja, taratibu, kama mtu anayetaja majina ya marehemu kwenye hitima. Mimi ni dereva wa basi Leicester, sikujua stempu ya Mfalme George wa Tano na ya George wa Sita zinatofautiana nini, lakini nikajikuta nimeahidi: nitazitafuta, mjomba.

Na kweli huku zipo tele. Waliofanya kazi makoloni walirudi nazo, wajukuu wao sasa wanazikuta darini na kuzitia mnadani eBay, bei inaanzia peni 99. Iko moja ya mwaka 1935 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ya senti 5, ina jahazi ndani ya Ziwa Victoria. Ilipochapwa mara ya kwanza, kamba ya tanga haikulifikia tanga, imeishia hewani. Baadaye wakaitengeneza, kamba ikaungana. Mjomba alizitaka zote mbili. Sasa picha ya muuzaji mara nyingi ni ndogo, kamba yenyewe ni nyembamba kuliko unywele, hivyo dawa ni kununua kadhaa za bei ya chini kisha kuzikagua mwenyewe kwa lenzi. Ndivyo nilivyoshinda minada sita ya muuzaji mmoja usiku mmoja.

Alinijibu usiku uleule, kwa adabu iliyonitia aibu. Akaniomba nishuke chini kwenye maelezo ya bidhaa, pale ambapo hakuna anayesoma. Nikashuka. Imeandikwa kwa herufi kubwa: ukinunua zaidi ya kimoja, USILIPE, subiri nikutumie ankara, posta ya kitu cha kwanza 1.95, vinavyofuata bure. Malipo ndani ya siku 7. Mimi kila niliposhinda nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kulipa ndani ya dakika ileile, tena nikijiona muungwana. Nimekulia kwenye mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga, nikimfuata baba. Pale dalali akishataja jina lako, unatoa pesa au uwe mtu anayejulikana. Mgeni anayesema "ngoja kidogo" anaachwa anaongea peke yake, changu wake kachukuliwa. Kwa hiyo kuambiwa usilipe kulikuwa kitu kigeni kabisa kwangu.

Akanieleza na jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria. Kila malipo niliyofanya yalikatwa asilimia, pamoja na ada ya kudumu isiyojali kama umelipa pauni tatu au mia tatu. Malipo sita madogo, ada hiyo mara sita. Malipo moja ya jumla, mara moja. Tena soko lenyewe lilichukua asilimia yake hata kwenye pesa ya posta. Kwa hiyo zile pauni nilizodhani amezitia mfukoni hazikuwa zimemfikia zote. Posta ya haki ilikuwa 1.95, mimi nimezidisha 9.75, naye akanirudishia pauni 8 bila kulazimishwa na yeyote. Nilimwomba radhi. Viatu nilikuwa nimeshavua.

Nilipomsimulia mjomba, baada ya shikamoo na marahaba, alicheka mpaka akakohoa. "Stempu ya elfu tatu, posta elfu sita! Mwanangu, huo mnada au kitumbua cha kilo?" Sijui kitumbua cha kilo ni nini mpaka leo, lakini nilielewa.

Nikaanza kusoma habari za minada hii ilivyokuwa. eBay ilianzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, kwa jina la AuctionWeb, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, dola 14.83. Siku zile mshindi alituma hundi au hawala kwa posta. Muuzaji aliisubiri hundi ifike, akaisubiri tena benki iikubali, ndipo akafunga mzigo. Wiki mbili zinapita hivihivi. Ndani ya wiki mbili hizo mnunuzi ameshashinda vitu vingine vinne, na vyote vinaingia kwenye boksi lilelile bila mtu kuomba. Kisha yakaja malipo ya papo kwa papo: PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ilinunuliwa na eBay mwaka 2002, na mwaka 2008 hundi na hawala zikaondolewa kwenye sehemu kubwa ya soko la Marekani. Usalama ukaongezeka, hilo sibishi. Lakini ule ucheleweshaji ndio uliokuwa ukiunganisha mizigo. Pesa ilipoanza kukimbia, kuunganisha kukawa jambo la kuomba, na la kuomba mapema.

Funzo hilo nililipata nusu tu, maana kosa langu la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza.

Ilikuwa 2022. Muuzaji mmoja wa Scotland alikuwa na minada tisa ya Zanzibar, akiifunga mmoja mmoja kuanzia Jumapili hadi Jumapili iliyofuata. Uliotangulia ndio niliokuwa nautaka zaidi: seti ya stempu za 1961 zenye picha ya Sultani Abdulla bin Khalifa, zilizopigwa juu yake maneno JAMHURI 1964 kwa muhuri wa mkono baada ya Mapinduzi. Mjomba alikuwa nazo. Aliziondoa mwenyewe kwenye barua zilizokuja kwa jamaa zake wa Unguja, kwa mvuke wa birika. Nilishinda kwa pauni 31. Nikajisemea, safari hii sina haraka. Nitangoja Jumapili ya pili nishinde na zile nyingine, nilipe pamoja, posta moja. Sikumwambia muuzaji neno. Nilidhani ataona mwenyewe kwamba dau langu liko kwenye minada yake mingine.

Ijumaa, nikiwa kituoni nanywa chai kabla ya kurudi barabarani, nikafungua simu. Oda imefutwa, mnunuzi hakulipa. Sheria iko wazi na nilikuwa nimeikubali bila kuisoma: mshindi ana siku 4 za kalenda, kuanzia siku ya tano muuzaji anaruhusiwa kufuta, na alama ya kutolipa inabaki kwenye akaunti yako. Muuzaji mwingine anaweza kuweka kizuizi, wenye alama kama hizo wasiweze hata kutia dau kwake. Nikamwandikia haraka. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba aliyekuwa nyuma yangu kwa dau ameshapewa na ameshalipa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna saa mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Saa ya kulipa inakuharakisha, saa ya kuunganisha inakutaka utulie, na kinachozipatanisha ni ujumbe wa mistari mitatu unaotumwa usiku uleule wa kushinda. Wangu siku hizi unasema hivi: nimeshinda namba nne, nina dau kwenye minada yako miwili inayofungwa Alhamisi, naomba unisubiri uniunganishie, na kama hupendi kusubiri nalipa hii sasa hivi. Kile kipande cha mwisho ndicho kinachofungua milango. Muuzaji akishajua una pesa mkononi, kusubiri hakumuumi. Kuna pia kitufe cha kumwomba muuzaji akutumie jumla kabla hujalipa. Kitumie kabla, maana ukishalipa kimeondoka. Na vitu vya bei maalumu vinavyodai malipo ya papo hapo, vitie kwanza kikapuni vyote ndipo ulipe mara moja. Ukivilipa kimoja kimoja umerudi kwenye stempu zangu sita.

Siku hizi baadhi ya minada inakutaka uweke kadi kabla ya kutia dau, na ukishinda pesa inajikata. Hapo hakuna ankara ya kusubiri. Unamuuliza muuzaji kabla: ukituma pamoja, utanirudishia posta iliyozidi? Wengi husema ndiyo na hutimiza. Asiyejibu swali kabla ya mnada, mimi dau lake siligusi, hata awe na kamba ya jahazi ya dhahabu.

Sasa mjomba. Huyu mzee hajawahi kununua kitu mtandaoni maishani mwake, na bado ndiye aliyenifundisha sehemu ngumu kuliko zote. Nilikuwa nalalamika kwamba muuzaji mmoja ameniunganishia kadi za posta kumi na mbili kwa bei ya moja, kisha nilipoongeza ya kumi na tatu akadai nyongeza. Mjomba akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake jogoo anawika:

"Posta haitozi gramu, mwanangu. Posta inatoza ngazi. Ukiwa juu ya ngazi ya kwanza, simama upande huu, simama upande ule, ni bei ileile. Ukigusa ya pili kwa kidole, umelipa ngazi nzima. Mimi nimesimama na mizani miaka ishirini na sita, watu walikuwa wananitukana kwa gramu mbili."

Nikachukua rula na mizani ya jikoni, ile ya mke wangu ya kupimia unga wa maandazi. Huku barua ya kawaida mwisho wake ni gramu 100 na unene wa milimita 5. Kadi zile za zamani, za akina Gomes na Coutinho waliokuwa na studio zao Unguja, ukizibana na makadibodi zisikunjike zinapita milimita 5 hata ikiwa kadi moja. Basi imeshakuwa barua kubwa, ambayo inaruhusiwa unene hadi milimita 25 na uzito hadi gramu 750, lakini nayo ina ngazi zake, ya kwanza ikiishia gramu 100. Kadi moja ya zamani nimeipima, karibu gramu tano. Makadibodi na bahasha, kama arobaini. Hesabu mwenyewe: kadi ya kwanza na ya kumi na mbili zinasafiri kwa bei moja, ya kumi na tatu ndiyo inayokugusisha kidole. Ikipita milimita 25 imeshakuwa kifurushi, bei nyingine kabisa.

Tangu hapo siombi tena "punguzo la posta". Namuuliza muuzaji: bahasha yangu imefika gramu ngapi, kuna nafasi ya ngapi? Wauzaji wa stempu, ambao wengi ni wazee kama mjomba, wanalipenda swali hilo kuliko salamu. Mmoja alinijibu kwa orodha ya vitu ambavyo havijatiwa mnadani bado, akaandika uzito wa kila kimoja.

Kuunganisha nako kuna siku kunakugeuka. Mwaka 2023 nilinunua mafungu matatu ya kadi kwa muuzaji wa Marekani: pauni 62, 51 na 44. Nikaomba kifurushi kimoja, nikaokoa pauni 13 za posta, nikajipongeza. Nilichosahau ni kwamba Uingereza, tangu Januari 2021, mzigo wa kutoka nje usiozidi pauni 135 kodi yake ya VAT hulipwa palepale unaponunua. Ukizidi hapo unasimama forodhani. Wangu ulikuwa 157. Kodi ningeilipa tu kwa njia yoyote, lakini juu yake zikaja pauni 8 za ushughulikiaji na wiki mbili za kungoja. Faida iliyobaki: pauni 5. Ningeomba vifurushi viwili ningeokoa 6 na nusu bila kusumbuliwa na mtu. Pauni moja na nusu, najua, si kitu cha kuandikia. Iliniuma hivyohivyo.

Mwishoni mwa 2024 nikaanza kuuza zile zilizozidi. Oktoba ya mwaka huo eBay ya Uingereza ilikuwa imewaondolea ada ya mauzo wauzaji wa kawaida wasio wafanyabiashara, na mimi nilikuwa na jahazi kumi na saba zenye kamba iliyokatika na mbili tu zenye kamba iliyoungana. Nikasema nizipunguze.

Mnunuzi wangu wa nne alishinda minada kumi na mmoja ndani ya wiki mbili. Kila akishinda, ujumbe: unganisha. Unganisha, unganisha. Nikaona huyu ndiye mtu wa kabila langu. Nikampangia bahasha yake, nikampunguzia posta, nikatuma ankara. Kimya. Nikatuma tena. Kimya. Siku ya tano ya mnada wa kwanza ilikuwa imepita zamani, na wale waliomfuata kwa dau walishanunua kwingine. Nikafuta oda kumi na moja, moja baada ya nyingine, kidole kinauma, huku nikimkumbuka yule bwana wa Scotland na mstari wake mmoja ambao mimi niliuona wa dharau.

Usiku huo niliandika masharti yangu. Malipo ndani ya siku 4. Ukitaka kuunganisha niandikie kabla ya kulipa, nitakusubiri hadi siku 10 tangu ununuzi wa kwanza, lakini nataka jibu kila nikikuuliza. Natuma kwenye anwani iliyo kwenye oda tu, ukitaka kwingine tufute uanze upya. Hili la mwisho ni kwa sababu muuzaji akituma penginepo, mzigo ukipotea hana wa kumtetea. Nilipomaliza nikasoma tena. Nusu yake iko kwa herufi kubwa. Nimekuwa yule mzee wa kornifleksi.

Hata yale makadibodi ya kornifleksi nayaweka sasa. Binti yangu ananicheka, anasema baba unakula ili upate boksi. Stempu ya daraja la kwanza Aprili 2025 ilifika pauni 1.70, kutoka zile peni 70 za bahasha yangu ya kwanza, na mtu anayenunua stempu ya peni 99 hawezi kulipa hivyo mara sita. Wala mara mbili.

Seti ya JAMHURI bado sijaipata. Zinatokea, lakini ule muhuri wa mkono unaigizwa sana, na mjomba amesema bora pengo kuliko ya kughushi. Nyingine nimempelekea tayari, mikononi mwa jirani aliyekuwa anakwenda Tanga kwenye harusi ya mdogo wake. Posta bure, mzigo umeunganishwa na vitenge na dawa za presha.

Wiki hii nina mnunuzi wa Cardiff. Ameshinda kadi saba, akaniandikia usiku uleule: nina dau mbili kwako Alhamisi, unisubiri au nilipe sasa? Nimemwambia nasubiri. Bahasha yake iko juu ya friji, jina limeshaandikwa, haijafungwa. Leo asubuhi kabla ya zamu nimeiweka kwenye mizani ya mke wangu pamoja na makadibodi yake. Gramu 71. Nikampigia mjomba kumwambia, naye akauliza swali moja tu: hizo dau mbili za Alhamisi, zina uzito gani?